Kikundi Chetu cha Washauri Kinatuacha na Mzigo Mzito Kuliko Tuliokuja Nao

SWALI

Mpendwa Mwalimu,

Mimi ni mshauri nasaha mwenye umri wa miaka 36, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwahudumia wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo wanaoishi Kayole, Umoja na Githurai. Chumba ninachofanyia kazi ni cha kuazima, nyuma ya kanisa, chenye viti viwili vya plastiki na dirisha linalotazama steji ya matatu. Tangu Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23, na Bukavu ukafuata mwezi wa Februari, wateja wangu hawaleti tena habari za vita walivyovikimbia zamani pekee. Wanaleta habari za jana usiku, kwa kuwa ndugu zao wangali huko, na mara nyingine simu hulia tukiwa tumekaa.

Miezi michache baadaye tulianzisha kikundi cha watu saba wa taaluma hii: wanne tuko Nairobi na watatu wako Goma. Tunakutana kwa simu kila Alhamisi saa moja jioni kwa saa za Nairobi, ambayo kwao ni saa kumi na mbili. Hatukuchagua mwenyekiti wala kuandika kanuni. Tulisema tu kwamba kila mmoja aje atue mzigo wake, na mwenzetu mmoja akasisitiza kwamba anayesimulia asimulie mpaka tone la mwisho, kwa maana kinachobaki moyoni ndicho kinachougua.

Alhamisi moja mwenzetu huyo alieleza kwa dakika arobaini yaliyompata msichana mmoja, bila kuacha chochote. Dada mmoja wa Goma akakata simu. Kesho yake akatuandikia: "Ninyi mnalala. Mimi nikitoka kwenye mkutano wenu naenda kuchota maji ziwani gizani." Tangu siku hiyo, sisi wa Nairobi tunaona aibu kusema kwamba tumechoka. Juma lililofuata mwenzetu mwingine alimtambua mteja aliyekuwa akizungumziwa, kwa sababu wanasali pamoja. Na kuna jambo ambalo hatujawahi kulitaja: mmoja wetu lugha yake ya nyumbani ni Kinyarwanda, na kila waasi wanapotajwa yeye hunyamaza, nasi tunashusha sauti.

Kisha kuna mteja wangu wa Jumanne, ambaye nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Ni mama wa watoto wanne. Kila jioni anapakua ugali sahani tano ilhali nyumbani wamo wanne. Sahani ya tano ni ya mwanawe wa miaka 14 aliyepotezana nao katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia kutoka Sake kwenda Goma. Asubuhi huikuta imepoa na mboga zimekauka pembeni, naye huila mwenyewe, peke yake, kabla wengine hawajaamka. Jumanne iliyopita nilikuwa ndani ya matatu, steji yangu ikafika, nikakaa kimya. Nilishukia steji mbili mbele ili nichelewe. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Msimamizi wangu kazini anasema kikundi ni mambo yetu ya jioni na hakihusu ofisi. Je, tukivunje? Au tuendelee kukutana kwa kufarijiana tu, tuache kabisa kujadili visa vya wateja?

Mshauri wa Kayole


JIBU

Dada yangu wa Kayole,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile sahani ya tano. Nitairudia. Kwanza nikujibu ulichouliza: msikivunje kikundi, wala msiache kujadili visa. Kukutana hakujawadhuru, mnachokosa ni utaratibu. Watu saba waliojitwika mizigo wameambiwa watue, na hakuna hata mmoja aliyepangiwa kupokea, hivyo kila mzigo unatuliwa juu ya kichwa cha mwenzake ambaye naye bado amejitwika wake.

Ninavyoona, mmechanganya kazi tatu katika saa moja. Kuna kufarijiana, ambako ni kuulizana hali na kupumua pamoja. Kuna kujadili kisa, ambako ni kumsaidia mwenzako apate tena uwezo wa kumfikiria mteja wake. Na kuna usimamizi wa kitaaluma, ambapo mtu mwenye uzoefu zaidi anabeba sehemu ya dhamana ya huduma unayoitoa na ana mamlaka ya kukuambia usimame. Anayefanya kazi hii wakati wa vita anazihitaji zote tatu, lakini zikipikwa chungu kimoja, faraja inageuka kuwa ripoti, na kisa kinageuka kuwa kilio ambacho hakuna anayejua kikomo chake.

Kuhusu kujadili visa, hamna haja ya kuanza kubuni. Michael Balint, daktari na mchanganuzi wa nafsi mzaliwa wa Hungaria, pamoja na mkewe Enid, walikuwa wakikutana na madaktari wa kawaida wa familia katika kliniki ya Tavistock mjini London miaka ya 1950, na utaratibu waliouacha unatumika hadi leo. Kikundi huwa na watu kama 6 hadi 12 na kiongozi, na kikao ni kama saa moja na nusu. Mmoja analeta kisa, anakisimulia kwa dakika chache bila kusoma faili. Wenzake wanamwuliza maswali machache ya kupata picha: mteja ana miaka mingapi, anaishi na nani, alikuja lini. Kisha mleta kisa anarudisha kiti chake nyuma na kunyamaza, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa kuwa wenzake sasa wanawaza kwa sauti mbele yake: huyu mteja anahisi nini, huyu mshauri anahisi nini, na kati yao kuna nini. Hakuna anayesema "mimi ningefanya hivi." Mleta kisa hajitetei. Karibu na mwisho anarudisha kiti mbele na kusema lililomgusa, au hasemi kitu. Kwenye simu, kurudisha kiti nyuma ni kuzima kamera na sauti.

Tuchukue sahani yako. Umeisimulia, umejibu maswali, umezima kamera. Mmoja anasema anawahisi watoto watatu wanaokaa mkekani wakitazama chakula ambacho hawaruhusiwi kukigusa, na kwamba ameona hasira ndani yake ambayo huenda mama haruhusiwi kuwa nayo. Mwingine anasema kula kile chakula asubuhi, peke yake, kunafanana na kumrudisha mwana tumboni. Wa tatu anauliza kama yule mama anakula usiku. Yule dada wa Goma anakaa kimya kwa muda, kisha anasema: labda anayepakuliwa ni mshauri, kila Jumanne anawekewa mbele sahani ambayo hawezi kuila wala kuikataa, ndiyo maana amebaki ndani ya matatu. Sijui kama hivyo ndivyo wangesema. Ninachojua ni kwamba mtu akisikia sentensi kama hiyo kutoka kwa wenzake, aibu ya kupitiliza steji inapungua na udadisi juu ya mteja unarudi, na mshauri aliyerudiwa na udadisi anaweza kuingia tena chumbani.

Nami niongeze langu, si kama mwanakikundi bali kama mwalimu. Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia nchini Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alifanya utafiti kuhusu familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alieleza aina ya msiba ambao hauna mwili, hauna kaburi wala habari ya kuaminika. Mfiwa wa namna hiyo haombolezi wala hatulii, na si kwa sababu ana ugonjwa. Hali yenyewe ndiyo isiyo na mlango. Usimsukume mama huyu akubali kwamba mwanawe amekufa, na usimhakikishie kwamba yu hai. Mwulize sahani hiyo inamwambia nini mtoto, na mwulize wale watatu wengine wanaielezaje. Kisha mwulize jambo moja la vitendo ambalo barua yako haikulitaja: je, ameandikisha jina la mtoto katika huduma ya Msalaba Mwekundu ya kuwatafuta jamaa waliopotezana? Huduma hiyo ipo Kenya na ipo Kongo. Wakati mwingine sisi washauri tunazama katika maana ya sahani tukasahau kwamba kuna fomu ya kujaza.

Sasa nije kwa kanuni ya tone la mwisho. Mwenzenu ana nia njema, lakini amekosea, na kosa hili lina historia ndefu katika taaluma yetu. Kwa miaka mingi watu waliotoka kwenye maafa waliketishwa kikao kimoja na kutakiwa wasimulie kila kitu, kwa imani kwamba kutapika yote kunazuia kiwewe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi kwamba vikao hivyo vya mara moja vinazuia, na katika baadhi ya tafiti waliohudhuria walionekana kuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Shirika la Afya Duniani nalo halivipendekezi kwa watu waliotoka kwenye tukio hivi karibuni. Tafiti hizo ziliwahusu waathiriwa, si washauri, lakini fundisho kuhusu kulazimisha maelezo linawafaa na ninyi. Tena, mwongozo wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unatambua kwamba mtu anaweza kupata kiwewe kwa kukutana tena na tena na maelezo ya kutisha kwa sababu ya kazi yake. Sikio nalo hujeruhiwa.

Hii haina maana kwamba msimulizi anyamaze. Aombe ruhusa kwanza: "Kisa changu leo kina ukatili dhidi ya mtoto, mna nguvu ya kukisikia?" Na jibu la hapana liheshimiwe bila kuombwa sababu. Kisha aseme kile tu ambacho bila hicho kikundi hakiwezi kumfikiria mteja. Kama kuna picha moja inayomrudia usiku, hiyo aitaje, kwa sababu hiyo ni yake. Mengine ni ya mteja na yabaki kwa mteja. Dakika kumi zinatosha. Mwenzenu wa dakika arobaini, nahisi, hakuwa analeta kisa. Alikuwa anazama, na mlimwachia azame mbele yenu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia kwa upole, "Ndugu, tupumzike hapo, wewe mwenyewe uko vipi?" Mtafuteni nje ya kikundi. Mwulizeni analala saa ngapi.

Ninasema hivi nikijua. Nilikuwa mshauri mchanga tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa mjini na zaidi ya watu 200 wakafa. Waliokuja kwangu walisimulia vioo: walisikia mshindo wa kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, na madirisha yakawaingia usoni. Nilisikiliza kisa baada ya kisa, siku baada ya siku, na jioni nilipanda gari nikaenda nyumbani kupika. Ilipofika Novemba ndipo mume wangu aliponiuliza kwa nini nimekihamisha kitanda mbali na dirisha. Sikuwa na kikundi. Sikuwa na hata jina la kilichokuwa kikinipata.

Kuhusu yule dada wa Goma, msijitetee na msishindane. Amesema kweli. Uwanja wa ndege wa mji wao ulifungwa katika mapigano yale ya Januari 2025, benki zikafungwa, kambi za waliohama makwao zilizouzunguka mji zikavunjwa, naye anawahudumia watu ambao wamepitia usiku ule ule alioupitia yeye. Ninyi mnasikia vita. Yeye yumo ndani yake pamoja na mteja. Ni mizigo miwili tofauti, na hakuna mzani wa kuipima. Lakini mnaweza kupanga mkutano kwa namna inayokiri tofauti hiyo. Dakika ishirini za kwanza ziwe za hali, na wa Goma watangulie: mko salama, mmekula, kuna maji, mna bando ya kutosha? Bando yao ilipwe na ninyi wa Nairobi bila mjadala. Kama usiku huo kuna milio ya risasi, hakuna kisa kitakachojadiliwa. Mtabaki nao kwenye simu mpaka watake kukata. Na sogezeni saa ili wamalize kabla giza halijaingia, kwa kuwa hilo la maji gizani alilolisema lilikuwa malalamiko na lilikuwa pia ombi.

Asije akaambiwa, hata hivyo, kwamba aliye vitani apewe faraja tu na kazi ya kufikiri waachiwe walio salama. Anna Freud na Dorothy Burlingham, wachanganuzi wa nafsi za watoto, waliendesha vituo vya watoto Hampstead, London, katika vita vya pili vya dunia, mji ukipigwa mabomu, na wafanyakazi wao walitakiwa kuandika walichokiona kwa watoto na kukijadili pamoja. Katika kazi hiyo walionyesha kwamba watoto wengi waliumizwa zaidi na kutengwa na mama zao kuliko na mabomu yenyewe. Wafanyakazi hao nao walikuwa chini ya mabomu yale yale. Dada wa Goma anajua mambo ambayo mimi na wewe hatutayajua, na kikundi kikimgeuza kuwa mtu wa kuhurumiwa tu, kitakuwa kimempoteza mara ya pili.

Suala la siri ni zito kuliko mlivyolichukulia. Jumuiya ya wakimbizi Nairobi ni ndogo. Kijiji, idadi ya watoto na kanisa vikitajwa pamoja, mteja ametajwa kwa jina. Kabla ya kisa kuletwa, badilisheni mambo mawili au matatu yasiyogusa kiini, na kila mmoja awe huru kusema, "Nadhani namfahamu, naomba nitoke," akatoka bila kuulizwa. Pasiwe na kurekodi wala maelezo ya mteja kuandikwa kwenye ujumbe wa kikundi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitia habari za afya katika kundi la taarifa nyeti, lakini kwa wenzenu wa Goma hatari si ya kisheria tu. Simu ya mtu anayeishi chini ya watu wenye silaha inaweza kukaguliwa njiani. Kubalianeni maneno ya kawaida ya kusema badala ya majina ya makundi na mitaa. Na kila mteja ajue tangu mwanzo kwamba mshauri wake hutafuta ushauri kwa wenzake bila kutaja jina lake.

Nimebakiza lile mnaloshushia sauti. Ndugu yenu anayezungumza Kinyarwanda hakuteka mji wowote, na ukimya wake ni kazi anayoifanya kila Alhamisi kwa ajili yenu. Vita vimeingia ndani ya kikundi, kama ambavyo vingeingia katika kikundi chochote cha watu wenye ndugu huko, na jambo hili halitatatuliwa kwa kumwomba aeleze msimamo wake, wala kwa kumhakikishia mbele ya wote kwamba hamna neno naye. Hapa ndipo mnapohitaji mtu wa nje: mshauri mwenye uzoefu, asiye na jamaa upande wowote, awaongoze angalau mara moja kwa mwezi, na katika kikao chake cha kwanza yeye ndiye aseme kwamba humu ndani kuna watu wa lugha mbalimbali na kwamba vita vinawauma kwa njia mbalimbali. Akishasema yeye, si lazima mtu mwingine aseme kitu siku hiyo. Kiongozi huyo huyo anaweza kuzuia dakika arobaini zisirudi.

Kwa msimamizi wako, peleka ombi la maandishi. Mwongozo wa 2007 wa Kamati ya Kudumu ya Mashirika (IASC), inayoyaunganisha mashirika ya misaada ya kibinadamu, kuhusu afya ya akili katika dharura una sehemu nzima, ya 4.4, inayohusu kuwatunza wafanyakazi na wanaojitolea, na unaliweka jukumu hilo kwa shirika. Mkumbushe pia kwamba hapa hapa Nairobi, huduma fupi ya kisaikolojia ya vikao vitano iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani ilipojaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya ya jamii walioitoa walikuwa wakisimamiwa na wataalamu muda wote. Omba saa mbili kwa wiki ndani ya saa za kazi na malipo ya kiongozi wa nje. Ukinyimwa, omba nusu yake.

Alhamisi hii usilete kisa. Waambie wenzako ulichofanya kwenye matatu, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, kisha mwombe yule dada wa Goma achague saa ya kukutana. Sahani ya tano ipeleke juma litakalofuata, kiongozi akiwepo. Na Jumanne, ukiona steji inakaribia na mkono hautaki kugonga bodi, mpigie simu mmoja wa wenzako watatu wa Nairobi ukiwa ungali ndani ya gari. Mpangeni leo ni nani.